Shingo Haiponi kwa Kukandwa Pekee

Niligundua kuwa nina tatizo nilipokuwa nikitoa salamu mwisho wa swala. Kulia shingo ilikwenda, kushoto ilikataa. Nikafanya tufanyavyo wengi: mafuta ya karafuu, vidonge vya maumivu, kisha nikaenda kukandwa. Kila mara nilipata nafuu ya siku mbili, maumivu yakarudi.

Kinyozi naye akajitolea kunivunja shingo, ule mtindo wa kushika kichwa na kukizungusha ghafla hadi shingo ilie. Nilikataa, na leo nashukuru. Ndani ya pingili za shingo hupita mishipa miwili inayopeleka damu kwenye ubongo. Ni nadra, lakini kuzungushwa kwa nguvu kunaweza kuichana, na mtu akapata kiharusi.

Mwishowe nilikwenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo. Aliniambia nishike simu kama ninavyoishika nyumbani, kisha akaniuliza hukaa hivyo kwa muda gani. Hapo nilipata jibu langu.

Kichwa cha mtu mzima kina uzito wa kilo 4 hadi 5, nacho hubebwa na pingili 7 na misuli ya shingo. Ukiinama, mzigo huongezeka. Mwaka 2014, daktari wa upasuaji wa uti wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alikadiria kwa hesabu kwamba kichwa kilichoinama nyuzi 60 huilemea shingo kwa kiasi cha kilo 27. Lakini kuinama kwenyewe si kosa. Shingo iliumbwa iiname. Kinachoumiza zaidi ni kukaa vivyo hivyo kwa saa nyingi, awe mtu ni fundi cherehani, mshonaji kofia au kijana wa simu.

Haya ndiyo mazoezi niliyopewa, mara mbili kwa siku:

1. Kurudisha kidevu. Kaa wima, tazama mbele, rudisha kidevu nyuma moja kwa moja bila kuinamisha kichwa. Hesabu hadi 5, achia. Rudia mara 10.

2. Kubana mabega. Vuta mabega nyuma kama unayetaka kuyakutanisha, bila kuyapandisha. Hesabu hadi 5, mara 10.

3. Kunyoosha upande. Laza sikio kuelekea bega hadi uhisi mvuto upande wa pili. Kaa sekunde 20 hadi 30, mara 3 kila upande. Usivute kichwa kwa nguvu.

4. Kusukumana na kiganja. Weka kiganja kwenye kipaji cha uso, sukuma kwa kichwa huku mkono ukizuia, kichwa kisisogee. Sekunde 5, mara 5. Fanya vivyo hivyo kisogoni na pande zote mbili.

Kuhisi mvuto ni kawaida. Ukihisi maumivu makali, kizunguzungu, au ganzi inayoshuka mkononi, acha zoezi hilo umuulize mtaalamu.

Pamoja na mazoezi, inua simu ifike karibu na usawa wa macho. Kila nusu saa simama, tembea kidogo, zungusha mabega. Ukilala ubavu, mto uijaze nafasi iliyopo kati ya sikio na bega, usilale kifudifudi.

Kuna dalili ambazo si za kungojea mazoezi: maumivu yaliyoanza baada ya ajali au kuanguka, mikono au miguu kukosa nguvu, kuyumba unapotembea, kushindwa kuzuia haja, homa pamoja na shingo kukakamaa, au maumivu ya ghafla ya kichwa yasiyo ya kawaida. Hizo ni za kukimbilia hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu yanayokuamsha usiku huku unakonda bila sababu nayo yanahitaji daktari mapema.

Sisemi mkandaji hana kazi. Mkono wake hulegeza misuli, na nafuu hiyo hukurahisishia mazoezi. Lakini misuli haipati nguvu kwa kukandwa; hupata nguvu kwa kutumiwa. Mimi ilinichukua wiki sita, dakika kumi asubuhi na kumi jioni, juu ya kiti kile kile cha kulia chakula. Salamu ya kushoto ikarudi taratibu, alhamdulillahi.