Utamu wa Kukatwa kwa Kisu

Marmelo ni tunda la manjano lenye umbo la peasi na harufu inayojaza chumba kizima, lakini ukiling'ata bichi utakunja uso: ni gumu na lina ukakasi. Wareno hulichemsha, wakaliponda, kisha wakalipika tena na sukari huku wakikoroga bila kupumzika, mpaka mwiko uache njia chini ya sufuria. Rangi hugeuka taratibu kutoka ya maziwa hadi wekundu wa tofali. Rojo likipoa hukatika kwa kisu, maana tunda lenyewe lina pektini tele. Hiyo ndiyo marmelada.

Warumi walihifadhi marmelo kwa asali, lakini kilichoipandisha marmelada melini ni sukari. Katika karne ya 15 Wareno walilima miwa kisiwani Madeira, kwa jasho la watumwa, na bei ya sukari Ulaya ikateremka. Vitabu vya ushuru vya bandari ya London vya mwaka 1495 vinaitaja marmelada miongoni mwa shehena. Ilisafiri katika visanduku vya mbao, na matajiri waliila baada ya mlo ili kutuliza tumbo.

Wapo wanaosimulia kuwa jina la marmelada lilitokana na kuugua kwa Mary, malkia wa Uskoti. Hadithi tamu, ila mzigo ule ulishafika London miaka 47 kabla hajazaliwa! Baadaye Waingereza walibaki na jina wakabadili tunda, wakatumia machungwa machungu ya Seville. Kampuni ya Keiller ya Dundee, iliyoanzishwa 1797, ikayatia kwenye mitungi na kuyauza mbali.

Huko Brazil, walowezi wa Kireno waliyazoea mapera yaliyojaa kila mahali. Wakayapika vilevile, ikazaliwa goiabada, ambayo hadi leo huliwa na kipande cha jibini na kuitwa Romeu e Julieta.

Wareno waliufikisha mpera Goa pia. Wapishi wa Goa huchuja mbegu zote, hupika rojo na sukari, hulimimina kwenye sinia lililopakwa siagi na kulikata vipande kwa ajili ya Krismasi; vipande hivyo huviita perada. Wagoa waliohamia Zanzibar na Nairobi kufanya kazi za ukarani, ushonaji na upishi hawakulazimika kutafuta tunda mbadala. Mapera yaliuzwa sokoni kwa fungu.