KABLA HUJAPANDA MELI: HISTORIA YA SAFARI YA BUKOBA–MWANZA NA SWALI LA BIBI YANGU

Najua wengi mmeiona ile picha. Kuna dada mmoja wa mjini, jina namhifadhia, kaposti yuko juu ya meli ya kitalii huko Ulaya. Miwani usoni, juisi mkononi, nyuma yake bwawa la kuogelea. Yaani meli iko juu ya maji na bado ina bwawa lake! Nusu ya waliochangia waliandika "na mimi Mungu nione", nusu nyingine walikuwa bize kuuliza hela ya nani. Hayo ya hela tuwaachie wenyewe.

Mimi nilisimama kwenye maoni ya kijana mmoja aliyesema eti sisi watu wa bara mambo ya kulala melini hatuyajui, tuyaone kwenye simu tu. Hapo nikasema hapana. Kaka, huyu hajafika Bukoba. Sisi wa Kagera tumelala melini kabla hata bibi yake huyo dada hajazaliwa. Kaa mkao wa kula nikupe historia.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1875 Mzungu anaitwa Henry Morton Stanley alizunguka Ziwa Victoria na boti yake, Lady Alice. Boti hiyo ilibebwa vipande vipande na wapagazi kutoka pwani, ikaja kuungwa ziwani. Mwezi wa nne akafika kisiwa cha Bumbire, ambacho leo kiko Wilaya ya Muleba, akitafuta chakula. Wenyeji hawakumuelewa. Wakaivuta boti mpaka nchi kavu na yeye akiwa ndani, wakamnyang'anya makasia. Akaponea chupuchupu, watu wake wakapiga maji kwa mbao walizong'oa ndani ya boti. Ingeishia hapo ingekuwa hadithi ya kuchekesha. Ila mwezi wa nane alirudi na mitumbwi mingi na bunduki, akawapiga risasi watu wa Bumbire wakiwa wamesimama ufukweni. Kwenye historia jina la boti limebaki. Majina ya waliokufa ufukweni siku ile hayakuandikwa.

Shika hilo la majina, tutalirudia.

Reli kutoka Mombasa ikafika Kisumu mwaka 1901, na meli za moshi zikaanza kuletwa vipande vipande na kuungwa kule kule. Zilibeba barua, kahawa, pamba na watu. Zilibeba pia watalii, wadau. Kampuni ya reli ilikuwa inatangaza safari za kuzunguka ziwa, Mzungu analipa, analala, anakula, anaangalia visiwa. Halafu Juni 1915, wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, meli zile zile zikapakia wanajeshi wa Uingereza Kisumu, zikaja kuwashusha Bukoba kupigana na Wajerumani kwa siku mbili, tarehe 22 na 23. Mnara wa mawasiliano ukaharibiwa na mji ukaporwa. Ndiyo maana nasema meli kwetu siyo kitu cha juzi.

Malkia mwenyewe alikuja baadaye. MV Victoria ilitengenezwa Scotland, ikafunguliwa, ikasafirishwa hadi Mombasa, ikapanda treni mpaka Kisumu, ikaungwa upya. Ikaanza kazi 1961, mwaka ule ule Tanganyika ilipopata uhuru. Ilipita Kisumu, Bukoba, Mwanza na bandari nyingine za ziwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, meli ikabaki kwetu.

Sasa twende Kamachumu, Muleba, kwa bibi yangu.

Bibi anasema enzi zao safari ya Mwanza ilikuwa inaandaliwa wiki nzima. Nguo zinafuliwa na kupigwa pasi ya mkaa. Ndizi zinapikwa jioni ile ile ili zisiharibike. Senene wakiwepo wanafungwa kwenye jani la mgomba, na kahawa ya kutafuna inawekwa mfukoni, maana huwezi kukaa na mgeni melini bila kumpa kahawa. Shuka zito ni lazima, upepo wa ziwa usiku hauna undugu. Daraja la kwanza na la pili walipata vitanda. Daraja la tatu mnakaa kwenye viti, mkichoka mnalala chini kati ya mizigo, mikungu ya ndizi ndiyo mito yenu. Wanafunzi wa bweni, wafanyabiashara, maharusi, wote humo humo. Jioni unaacha taa za Kemondo, asubuhi unaona mawe ya Mwanza. Bibi akifika hapo anacheka peke yake. Kuna kitu hatuambii, ila siyo leo.

Halafu anaacha kucheka.

Jioni ya tarehe 20 Mei 1996, MV Bukoba iliondoka Bukoba, ikapita Kemondo kuchukua watu na mizigo. Meli hiyo ilikuwa na uwezo wa abiria 430. Walioingia walikuwa wengi zaidi ya hapo kwa mbali. Asubuhi ya tarehe 21, ikikaribia Mwanza, ikalala ubavu na kupinduka. Sehemu ya chini ilibaki juu ya maji kwa muda, na kulikuwa na watu hai ndani, wanagonga. Waokoaji wakatoboa bati ili wawatoe, hewa iliyokuwa inaishikilia meli ikatoka, meli ikazama nao. Zaidi ya watu 800 walikufa. Rais Mkapa akatangaza siku tatu za maombolezo. Wengi walizikwa Igoma, Mwanza.

Mimi sikuwa nimezaliwa. Nilikua nikiisikia tu, kama mnavyoisikia ninyi.

Kitu ambacho sikukijua ni hiki. Orodha ya abiria ilikuwepo kwa daraja la kwanza na la pili. Daraja la tatu, yale ya mikungu ya ndizi, hayakuwa na orodha. Ndiyo maana mpaka leo ukiuliza walikuwa wangapi hasa, kila mtu ana namba yake.

Nililijua hilo kwa sababu ya swali. MV Victoria ilisimama miaka kadhaa, ikakarabatiwa, ikarudi mwaka 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu, inabeba abiria 1,200. Nami nikaona hii ndiyo safari yangu ya kwanza ya meli. Nikampigia bibi.

"Shikamoo bibi. Kesho napanda meli naenda Mwanza."

"Marahaba." Kimya. Nilidhani ataniambia nisipande, maana yeye tangu 1996 hajakanyaga meli, anazunguka na basi. Akaniuliza jambo moja tu.

"Jina lako wameliandika?"

Nikacheka. Nikamwambia bibi siku hizi kuna tiketi, mambo ya kisasa. Hakucheka. Ndipo akanisimulia binti wa jirani yake, aliyekwenda kuuza ndizi Mwanza mwaka ule, daraja la tatu. Kaka zake walikwenda Mwanza, wakasoma karatasi zote. Hayumo. Wakaangalia miili. Hayumo. Mama yake aliishi miaka akisema labda hakupanda, labda alibaki Kemondo akaolewa. Kila basi likisimama barabarani anatoka nje. Alikufa hivyo hivyo, hajalia msiba, kwa sababu hakuna karatasi iliyomwambia alie.

Wadau, mimi nilizima simu nikakaa kitandani.

Msiseme hayo ni ya zamani. Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa ni zaidi ya 220. Fanya hesabu mwenyewe. Miaka 22 ilikuwa imepita na bado tulikuwa tunajaza watu kama dagaa.

Kwa hiyo ukitaka kujiandaa na safari yako ya kwanza ya meli, mimi nakuandaa hivi. Beba sweta, picha za usiku utapiga nalo, utaniambia. Beba tangawizi kama tumbo lako ni la mjini. Beba ndizi za kupika za kwenu na umpe jirani. Simu ijae chaji. Ukishaingia, kabla ya selfi, tafuta maboya yako wapi na ujaribu kuvaa moja. Angalia mlango wa kutokea. Ukiona watu wamezidi, shuka, hela ya tiketi siyo jeneza.

Na kabla ya vyote: kata tiketi kwa jina lako kamili, lile la kwenye kitambulisho. Usipande kwa tiketi ya mshikaji. Usiingie kwa kumpa mtu kitu kidogo mlangoni ili upunguziwe. Hapo hujaokoa hela, umejifuta.

Mimi nilisafiri. Usiku wa manane nilisimama nje, taa zimezimika huku na huku, maji meusi, nyota kibao. Hakuna bwawa wala juisi. Ilikuwa raha ambayo siwezi kuiposti. Mwaka 2023 meli nyingine kubwa, MV Mwanza, ilishushwa majini, nayo ya abiria 1,200, na safari hii imeungwa Mwanza kwetu. Meli tunazo. Kilichobaki ni kuhesabu watu.

Asubuhi nilipoyaona mawe ya Mwanza nikampigia bibi. Kabla sijasalimia akasema, "Umefika." Nikamwambia nimefika, na jina langu limeandikwa. Akasema, "Haya, sasa nenda kale."

Wewe je, kwenu kuna mtu aliyeondoka bila jina lake kuandikwa? Tupia hapo chini, hata jina moja tu. Tutalisoma.