Mtoto, pampu na tochi ya nesi (Historia ya moyo wa mtoto, sehemu ya 4)

Juzi mmoja wenu aliniuliza, "Nesi, kwani hata mtoto anapata kiharusi?" Anapata. Leo nawapeleka mbali kidogo, kwa watoto waliokuwa wakisubiri moyo mpya.

Desemba 3, 1967, Christiaan Barnard alimpandikiza mtu mzima moyo kule Cape Town. Siku tatu baadaye, Brooklyn, Adrian Kantrowitz akajaribu kwa mtoto ambaye hata mwezi hajafikisha. Aliishi saa chache tu. Ilibidi kungoja miaka ya 1980, dawa za kuzuia mwili kukataa moyo mgeni zilipokuwa nzuri zaidi, ndipo watoto wakaanza kupona. Ila moyo wa kumtosha mtoto hutoka kwa mtoto mwingine aliyefariki, na wazazi wake wakakubali kuutoa. Sasa huo utaungoja hadi lini?

Mwaka 1990, Berlin, mvulana wa miaka 8 aliwekewa pampu ya kumshikilia mpaka moyo upatikane. Mwaka 1992 zikaja pampu ndogo za watoto. Pampu yenyewe inakaa nje, juu ya tumbo, mirija inaingia ndani hadi kwenye moyo. Ya watoto wadogo kabisa inabeba mililita 10, yaani vijiko viwili vya chai!

Tatizo ni kwamba damu ikigusa plastiki hutaka kuganda. Kibonge kikichomoka kinakwenda kwenye ubongo, hicho ni kiharusi. Ukizidisha dawa ya kuzuia kuganda, damu inavuja kwenye ubongo, nacho ni kiharusi. Njia ni nyembamba hivyo.

Hapo ndipo nesi anapoingia, na hapa niruhusuni nijivune kidogo. Pampu ile ni angavu. Nesi anaimulika kwa tochi, pembe kwa pembe, anatafuta uzi mweupe au doa jeusi. Akiliona anaita daktari, pengine pampu inabadilishwa. Halafu anamwangalia mtoto mwenyewe: mkono mmoja umeacha kushika mdoli? Mdomo umekwenda upande? Mtoto wa miezi minane hawezi kukuambia.

Kati ya 2007 na 2010 Marekani wakaijaribu rasmi kwa watoto 48. Karibu 9 kati ya kila 10 walifika kwenye kupandikizwa moyo au kutolewa pampu baada ya moyo wao kupata nguvu. Lakini asilimia 29 walipata kiharusi. Fikiria wewe ndiye mama unayepewa karatasi usaini. Tena kiharusi kikubwa kinaweza kumwondoa mtoto kwenye orodha ya moyo aliokuwa akiungoja. Hata hivyo, Desemba 2011 pampu ikaidhinishwa, kwa sababu bila hiyo wengi wasingefika popote. Mimi ningesaini, nawaambia ukweli, ila mkono ungetetemeka.

Baadaye madaktari wakaitazama dawa yenyewe. Heparini hufanya kazi kwa kutegemea protini fulani ya damu, na watoto wachanga wanayo kidogo. Ndiyo maana leo dozi inatosha, kesho haitoshi. Wengi wakahamia bivalirudini, dawa iliyobuniwa kwa kuiga mate ya ruba. Ndiyo, ruba yule anyonyaye damu! Haihitaji ile protini, na ukiifunga inaisha mwilini upesi. Mwaka 2017 hospitali za watoto zikaanzisha mtandao uitwao ACTION, zikakubaliana namna moja ya kutoa dawa na kupima presha. Kiharusi kikashuka kwa zaidi ya nusu.

Hakijaisha, na tochi bado inawashwa kila zamu.

Yule aliyeuliza kuhusu kiharusi kwa mtoto mwenye selimundu, sijakusahau. Hilo ndilo linalotugusa zaidi huku kwetu, nalileta sehemu ya 5.