Baiti nne zilizogandisha Pentium

Leo tuache simu kidogo, turudi Novemba 1997, mwaka niliozaliwa. Mwezi huo ilijulikana kwamba prosesa za Pentium za Intel zina kasoro: baiti nne tu, F0 0F C7 C8, zikiendeshwa na mtumiaji yeyote, hata asiye na ruhusa yoyote ya pekee, mashine inaganda palepale. Kibodi haijibu, kipanya hakisogei. Dawa ni kuiwasha upya.

Kwa mwenye Windows 95 nyumbani hilo halikuwa jambo kubwa (mfumo ule uliganda wenyewe bila kusaidiwa). Lakini fikiria mashine moja ya Linux chuoni, wanafunzi thelathini wameingia kwa wakati mmoja. Mmoja mwenye kinyongo angewaangusha wote, kazi zao zikapotea. Na huku kwetu Kenya, ambako shule nyingi zilianza na kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine, kasoro ya chipu haiishi siku kiwanda kinapotoa chipu mpya. Inakuja na mtumba.

Nini hasa kinatokea? Amri hiyo si halali, kwa hiyo prosesa inapaswa kuikataa kwa kosa namba 6, yaani "amri isiyojulikana". Ili ijue iende wapi, inasoma jedwali liitwalo IDT. Tatizo ni ile baiti ya kwanza, F0: ni agizo la kufunga basi ya kumbukumbu. Prosesa inalisoma jedwali huku imefunga basi, kisha inasubiri uandishi ambao ndio ungeifungua. Uandishi hauji kamwe. Ni kama mtu aliyejifungia chumbani akausubiri ufunguo ulio mfukoni mwa mtu ambaye hatakuja.

Mwaka 1994 Intel ilikuwa imeonja machungu ya kasoro ya kugawanya namba, iliyoigharimu dola milioni 475. Safari hii tiba ilipatikana kwenye programu, na Linux 2.0.32 ilitoka na kiraka mwezi huohuo wa Novemba.

Juzi nilikaa hapa Eldoret nikakisoma kiraka hicho kana kwamba nimeombwa kukikagua. Njia ya kwanza ni ya ajabu kidogo: IDT inawekwa ikikatiza mpaka wa kurasa mbili za kumbukumbu, ili maingizo saba ya kwanza, 0 hadi 6, yabaki mwishoni mwa ukurasa ambao prosesa inaambiwa haupo. Kila ingizo ni baiti 8, jumla 56. Prosesa ikitaka kulisoma la 6, inakumbana na kosa la ukurasa kabla haijaganda. Inafanya kazi, ila hata anayegawanya kwa sifuri analazimika kupitia mlango huohuo. Mimi ningeirudisha kwa mwandishi kwa sababu hiyo.

Njia iliyodumu ni safi zaidi. Jedwali lote linawekwa kwenye ukurasa wa kusoma tu. Usomaji wa kawaida unapita bila shida. Ule uliofunga basi unahesabiwa kama unaotaka kuandika, hivyo unazuiwa. Keneli inachukua anwani iliyozuiliwa, inatoa anwani ya mwanzo wa jedwali, inagawanya kwa 8. Jibu likiwa 6, basi ni ule mchezo, na programu husika inauawa peke yake. Wengine wanaendelea na kazi.

Swali langu la ukaguzi lilikuwa hili: je, programu ya kawaida ikiigusa anwani hiyo makusudi? Katika msimbo wa zamani ingeuawa kwa jina la kosa lisilo lake, ingawa haingepata faida yoyote. Matoleo ya karibuni yameongeza sharti kwamba mguso usiwe umetoka kwa mtumiaji. Mstari mmoja tu, umekuja miaka mingi baadaye, na bado nimeufurahia.

Jambo jingine: keneli haiwatozi wote. Wakati wa kuwaka inaangalia kama prosesa ni ya Intel na ni ya familia ya 5. Pentium Pro na Pentium II hazimo.

Ukiwa na Pentium kuukuu stoo yenye Linux ya biti 32, andika cat /proc/cpuinfo utafute mstari wa f00f_bug. Ukisema yes, nijulishe kwenye maoni hapa chini, ningependa kujua ngapi bado zinawaka.