Picha ya Mrukaji

Hapa Sondu, mshindi wa michezo apigwapo picha husimama wima, kikombe mkononi. Lakini mwaka 1907, mbali ng'ambo ya ziwa letu, nchini Rwanda, mrukaji mmoja alipigwa picha akiwa angani, juu ya vichwa vya Wazungu wawili. Mmoja alikuwa Adolf Friedrich wa Mecklenburg, mtukufu wa Kijerumani, aliyeandika kwamba watu wale huruka mita 2.50. Rekodi ya dunia ya mwaka 1993 ni mita 2.45!

Baadhi ya watu walistaajabu. Wengine walipinga, wakisema mrukaji alijiinua kutoka kwenye kituta kidogo. Walibishania kimo, wakamsahau mtu. Jina la mtukufu twalijua. La mrukaji halikuandikwa. Je, hiyo ni haki?