Kondoo wa Kilimanjaro na Fuvu la Mwanakondoo Tumboni
Zamani Wachaga, wenyeji wa miteremko ya Kilimanjaro, walimfuga kondoo ndani ya nyumba ya msonge, wakamlisha migomba na majani ambayo wanawake waliyabeba vichwani kutoka tambarare, na wakamchinja katika matambiko ya mizimu. Mradi wa umwagiliaji wa Moshi Chini, huko tambarare, ulipokamilika mwaka 1987, mashamba ya mpunga ya Chekereni na vijiji jirani yalitoa mabua tele, ambayo nayo yakawa chakula cha mifugo. Lishe ya mama humfikia hata mwanakondoo aliye tumboni, ambaye hubebwa kwa takriban siku 150. Katika siku hizo fuvu lake hujengwa: kitako chake huanza kama gegedu, yaani tishu imara inayonyumbuka, ambayo hugeuka mfupa polepole, ilhali mifupa ya utosi huota moja kwa moja ndani ya utando unaofunika ubongo, na kingo zake hukutana kwenye mishono, yaani maungio membamba yanayoliachia fuvu nafasi ya kukua. Kwa kuwa sehemu kubwa ya uzito wa mwanakondoo huongezeka katika theluthi ya mwisho ya mimba, na mabua ya mpunga yana protini kidogo, mfugaji hana budi kumwongezea kondoo mwenye mimba majani mabichi na pumba.