Kofi la tumba: historia ya pigo lililotoka uani Havana

Katika tumbao, ule mwendo wa mikono unaobeba son, mambo na salsa, kofi hupigwa mara moja tu kila baada ya mapigo manne. Mkono wa kushoto unatembea juu ya ngozi, kitako cha kiganja kwanza, kisha ncha za vidole, kwa sauti ndogo ambayo aliyekaa nyuma ya ukumbi haisikii kabisa. Likifika pigo la pili, mkono wa kulia unaangukia ukingoni na ngozi inatoa mlio mkavu, mkali, uliokatika. Halafu, kuanzia pigo la nne, zinafuata sauti mbili nene za wazi zinazowainua watu vitini. Ukiliondoa lile kofi moja, wachezaji wanakosa pa kukanyaga.

Sauti ya wazi na besi humjia mwanafunzi wa tumba mapema. Kofi humkawiza. Wengi huondoka darasani viganja vikiwa vyekundu na ngoma bado haijalia, kwa sababu wanadhani wanachopungukiwa ni nguvu. Ukifuatilia kofi lilikotoka, unaona dhana hiyo ilivyo mbali na ukweli. Pigo hili lilitokana na haja ya kusikika, na waliolikamilisha walitafuta njia ya kusikika bila kujiumiza, kwa kuwa ngoma ilianza jioni na kuisha alfajiri.

Chombo chenyewe ni cha Kuba, na Wakuba hukiita tumbadora. Zaidi ya Waafrika 700,000 walipelekwa utumwani kisiwani humo, wengi wao katika karne ya 19, mashamba ya miwa yalipokuwa yakipanuka kwa kasi. Walitoka sehemu nyingi: Wayoruba, watu wa Calabar, na umati mkubwa kutoka nchi za Kongo na Angola. Hawa wa Kongo walizifufua ngoma zao huko ugenini. Ziliitwa yuka na makuta: ndefu, zimechongwa katika magogo, ngozi upande mmoja. Kutokana na familia hiyo ndipo tumbadora ilipozaliwa, ila mafundi wa Kuba waliiunda kwa njia nyingine. Badala ya kuchonga gogo zima waliunganisha vipande virefu vya mbao vilivyopindwa, kwa ufundi uleule wa watengeneza mapipa. Bandari za sukari na pombe hazikukosa mafundi mapipa.

Utumwa ulikomeshwa Kuba mwaka 1886. Waliokuwa watumwa wakamiminika mijini, hasa Havana na Matanzas, wakapanga katika nyumba kubwa zilizokatwakatwa vyumba, familia nyingi zikichangia ua mmoja, au wakafanya ukuli bandarini. Nyuani na bandarini ndiko rumba ya Kuba ilikokulia. Wenye mamlaka hawakuipenda ngoma ya Kiafrika, na kwa vipindi mbalimbali, chini ya Wahispania na hata baada yao, waliibana. Watu wakapiga masanduku: ya samaki wakavu kwa sauti nene, ya mishumaa kwa sauti nyembamba. Yambu, rumba ya mwendo wa pole, hadi leo hupigwa juu ya masanduku kwa heshima ya asili hiyo. Mimi naamini sanduku lilifundisha mikono mengi. Ubao haunyumbuki kama ngozi. Anayetaka mlio mkali juu yake inambidi ajue kuutupa mkono na kuuachia, la sivyo anaumia.

Ngoma za rumba ni tatu. Mbili za chini hushika mwendo na haziachi. Ya tatu, iitwayo quinto, ndogo na iliyowambwa kwa kukazwa sana, ndiyo inayosema. Katika columbia, rumba iliyochezwa hasa na wanaume mmoja baada ya mwingine, mchezaji huingia uwanjani na kumchokoza mpigaji: bega likishtuka, quinto ijibu, mguu ukikata, quinto ikate. Katika guaguanco, mwanamume anamzunguka mwanamke akitafuta upenyo, na anapotupa ishara yake ya ghafla ya mkono, mguu au kiuno, quinto lazima iipigie muhuri papo hapo. Pigo la kazi hiyo ni kofi. Sauti ya wazi ni ndefu mno, besi iko chini mno. Katikati ya ngoma mbili, vijiti, mwimbaji, kiitikio na vigelegele, kofi pekee ndilo linalopenya.

Shule haikuwapo. Mtoto alisimama nyuma ya wakubwa akitazama mikono, akaenda kugonga mlango, meza au beseni, na siku aliyopewa nafasi alianza na ngoma ya chini. Quinto alikabidhiwa baadaye sana, akishajua kunyamaza.

Ngozi ilikuwa ya ng'ombe au nyumbu, nayo ilipigiliwa misumari kwenye ukingo wa mbao. Kuikaza kulikuwa na njia moja tu, moto. Yeyote aliyekulia karibu na ngoma za kwetu anaijua kazi hii ya kukoka majani makavu au makaratasi, kuiinamisha ngoma, kuipapasa ngozi na kuisikiliza mpaka ifike. Huko Kuba palikuwa na unyevu wa bahari, na kila ngozi ilipolegea kofi ndilo lililokufa kwanza. Besi hustahimili ngozi iliyolegea, kofi halistahimili. Mpigaji alilazimika kusikia mapema kwamba kofi linafifia na kuirudisha ngoma motoni kabla waimbaji hawajakasirika.

Sababu ya hayo iko katika mtetemo wenyewe. Ngozi iliyowambwa hutetema kwa namna nyingi kwa wakati mmoja. Inapopanda na kushuka yote kwa pamoja hutoa sauti nene; inapogawanyika katika mitetemo midogomidogo hutoa sauti za juu. Vidole vilivyolala sawa ukingoni na kuondoka mara moja huiacha ngozi itoe mvumo wake wote, na hiyo ndiyo sauti ya wazi. Kwenye kofi mkono uko karibu palepale, lakini umejikunja kidogo kama unaoteka maji. Sehemu ya kiganja iliyo chini ya vidole inagusa ukingo, na ncha za vidole, zikiwa zimelegea, zinafyatuka zenyewe juu ya ngozi kwa muda mfupi kabisa. Sauti za juu zinachomoza, ile nene inabaki nyuma. Vidole vikibaki juu ya ngozi, au mkono wa pili ukiikandamiza, hilo ni kofi la kufunga, kavu kama tulivyolisikia katika tumbao. Vikiruka, ni kofi la wazi, lenye mkia wa sauti, na ndilo gumu zaidi.

Nguvu haitajwi popote hapo. Kinachofanya kazi ni uzito wa mkono na ulegevu wa vidole. Kidole gumba kinainuliwa kisije kikajigonga ukingoni, bega linashuka, kifundo cha mkono kinaachiwa. Mwanafunzi anayekaza vidole anapata sauti ya ubao, na kadiri anavyoongeza nguvu ndivyo anavyozidi kukaza.

Hadi miaka ya 1930, tumba haikukaribishwa kwenye kumbi za heshima za Havana. Vikundi vya son vilikuwa na bongo, zile ngoma mbili ndogo za kupakata magotini. Tumba ilihesabiwa kuwa ya mtaani, ya watu weusi maskini. Aliyeiingiza na ikakaa ni Arsenio Rodriguez, mpigaji wa tres, gitaa la Kuba, aliyekuwa kipofu tangu utotoni, mzaliwa wa jimbo la Matanzas mwaka 1911, mwenye asili ya Kikongo na aliyezijua ngoma za wazee wake. Karibu mwaka 1940 alipanua kikundi chake kwa kuongeza piano, tarumbeta zaidi na tumba. Hapo kazi ya kofi ikabadilika. Uani lilikuwa jibu, lilikuja lilipoitwa. Ndani ya bendi likawa nguzo, linarudi pale pale, kwa ukubwa uleule, wimbo mzima. Hii ni nidhamu nyingine kabisa, na ndiyo inayofundishwa kwanza siku hizi, ingawa kihistoria ilikuja baadaye.

Miaka michache baadaye kofi lilivuka bahari. Chano Pozo, mzaliwa wa Havana mwaka 1915, mtoto wa nyumba za uani hasa, mtunzi, mchezaji na mgomvi, alifika New York, na mwanamuziki Mario Bauza akamkutanisha na mwanajazi Dizzy Gillespie. Tarehe 29 Septemba 1947 walipiga pamoja katika ukumbi wa Carnegie Hall. Desemba ya mwaka huo walirekodi "Manteca". Pozo hakusoma noti. Sehemu za vyombo alimwimbia Gillespie kwa mdomo. Wanajazi wa Marekani walizoea ngoma za vijiti na matoazi. Sasa waliona mikono mitupu ikisimama mbele ya safu nzima ya tarumbeta na trombone, na haimezwi. Pozo aliuawa kwa risasi kwenye baa Harlem tarehe 2 Desemba 1948, akiwa na umri wa miaka 33. Alikaa na bendi ile kwa muda mfupi mno, na bado sioni mpigaji mwingine aliyeibadilisha jazi kiasi hicho kwa viganja vyake.

Wakati huohuo ngoma yenyewe ilikuwa ikibadilika. Mafundi wa Havana walianza kuacha misumari na kufunga pete ya chuma na skrubu za kukazia ngozi. Moto ukawa hauna kazi tena. Mpigaji aliweza kuchagua sauti anayoitaka na ikadumu usiku kucha. Candido Camero, aliyetua New York mwaka 1946, akasimamisha tumba mbili kisha tatu, kila moja na sauti yake. Carlos Valdes, aliyejulikana kwa jina la Patato, alizipiga kama anayeimba. Wote wawili walipata faida ambayo wazee wa uani hawakuwa nayo: ngozi iliyokazwa sawasawa pande zote hutoa kofi kwa mkono mwepesi zaidi. Vikwazo vya Marekani dhidi ya Kuba mwaka 1962 vilipokata njia ya ngoma za Havana, Martin Cohen akaanza kuziunda New York, na mwaka 1964 akaanzisha kampuni ya Latin Percussion. Zile za fiberglasi zilikuwa na sauti kali kuliko za mbao, tena zilistahimili safari na mvua.

Lakini bendi nazo zilizidi kelele. Gitaa za umeme ziliingia, spika zikakua, na vijana waliojifunza tumba kwenye bustani za New York bila mzee wa kuwasahihisha walijaribu kushindana nazo kwa kupiga kwa nguvu. Walifunga vidole kwa plasta na kuendelea. Mwaka 1974 madaktari wa Marekani waliandika katika jarida la kitabibu kuhusu wapiga tumba waliokojoa mkojo wenye rangi nyeusi au nyekundu. Chembe za damu zilikuwa zinapasuka viganjani kwa kupigwapigwa, misuli nayo inaumia, na mabaki yake yanatoka kupitia figo. Natamani taarifa hiyo isomwe kwa kila mwanafunzi kabla hajakaa mbele ya ngoma.

Kuba kwenyewe ufundi ulielekea kwenye wepesi. Tata Güines, aliyepiga tumba katika rekodi mashuhuri za mwanamuziki Cachao za mwaka 1957, aliingiza hata kucha, ngozi ikakwaruzwa na kudonolewa kwa sauti ndogo zinazosikika waziwazi. Jose Luis Quintana, maarufu kama Changuito, mpigaji wa bendi ya Los Van Van, alikuza alichokiita mkono wa siri: kushoto kunayumba kati ya kitako cha kiganja na vidole na kutoa mapigo mengi bila kuinuka, kulia kukabaki huru. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kijana wa Puerto Rico, Giovanni Hidalgo, alikutana naye Havana, akayachukua mafunzo hayo na kuyachanganya na mazoezi ya vijiti vya ngoma za kijeshi. Miaka ya 1990 alifundisha katika chuo cha Berklee, Boston. Kofi lililowahi kukataliwa ukumbini lilikuwa sasa na mitihani yake.

Kwetu lilifika kwa santuri. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya HMV iliuza Afrika mfululizo wa santuri wa GV, uliojaa muziki wa Kuba, na bandari na miji ya reli iliupokea. Léopoldville ilizaa bendi kama African Jazz ya Joseph Kabasele mwaka 1953. Morogoro, Salum Abdallah aliipa bendi yake jina la Cuban Marimba. Wapigaji wetu hawakumwona mwalimu. Walisikia kofi kupitia sindano ya gramafoni na kulitafuta kwa mikono iliyokwisha kulelewa na ngoma za nyumbani. Ndiyo maana tumba ya dansi, ile ya bendi za Msondo na Sikinde, haifanani na ya Havana. Inakwenda chini ya magita ikijaza nafasi zao, na kofi lake ni laini zaidi mpaka wimbo unapofika kwenye kuchemka.

Kwa anayejifunza sasa, ningeshauri masikio yatangulie mikono. Aanze na Los Muñequitos de Matanzas, kikundi cha mwaka 1952 ambacho bado kinapiga, aifuate quinto peke yake kwa wimbo mzima, ahesabu makofi na sababu ya kila moja. Kisha Arsenio, asikilize pigo la pili tu. Kisha "Manteca". Baada ya hapo akae mbele ya ngoma, apige kofi polepole kwa sauti ya chini kabisa anayoweza kuitoa, mkono mmoja, halafu wa pili, asiongeze sauti mpaka makofi yote mawili yafanane.